Funga siku tatu "kinga izaliwe upya"? Nimejipima damu mwenyewe, njooni tuongee

#1 Mpimadamu (mleta mada)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Kuna sauti inazunguka kwenye magrupu. Jamaa anaongea kwa kujiamini utadhani yeye ndiye aliyeumba uboho: funga siku tatu, maji matupu, kinga yote ya zamani inakufa, inazaliwa mpya. Shangazi kanitumia, jirani kanitumia, mpaka fundi wangu wa pikipiki kanitumia, tena kaweka na mikono ya dua.

Mimi kazi yangu maabara, niko Tanga, mwaka wa kumi na moja huu nahesabu damu za watu. Nikaona kubishana na shangazi sitaweza, bora nifunge mwenyewe. Ijumaa saa 2 asubuhi nikajitoa damu: chembe nyeupe, zile za kinga, 4.8 (yaani elfu 4.8 kwa kila mikrolita ya damu). Usiku saa 2 nikala wali na samaki, kuanzia hapo maji na chai ya rangi bila sukari mpaka Jumapili saa 2 asubuhi. Jumla saa 36. Kipimo cha Jumapili kikasoma 3.7. Nikanywa uji, mchana nikala nikashiba, Jumatatu saa ile ile nikapima tena: 5.2.

Ukiishika ile 3.7 peke yake utasema kufunga kunaua kinga. Ukiishika 5.2 peke yake utampigia shangazi makofi. Na mimi ni mtu mmoja, mashine moja, hata usingizi na hasira hupandisha na kushusha namba hizi, kwa hiyo msije mkaniita mtafiti. Ila mwelekeo ule unafanana na yaliyokwisha kuonekana kwa watu na panya waliopimwa vizuri kuliko mimi.

Mwaka 2019 watafiti wa Mount Sinai, New York, waliwapima watu wachache wenye afya waliokaa saa 19 bila kula. Monosaiti, zile chembe nyeupe kubwa kubwa ambazo kwenye darubini kiini chake kimepinda kama figo, zilipungua kwenye damu. Kwa panya wakafuatilia zaidi, na ikaonekana ini ndilo linalohisi njaa na kusababisha uboho uziachie chembe chache. Hazifi. Mwaka 2023 kundi jingine la hapo hapo likawafunga panya saa 24: ndani ya saa chache monosaiti karibu asilimia 90 zilitoweka kwenye damu, zikakutwa zimerudi ndani ya mifupa.

Wa pwani watanielewa. Bahari ikichafuka ukitazama majini utasema wavuvi wameisha, kumbe ngalawa zote zimevutwa juu mchangani. Upepo ukitulia zinaingia zote kwa mkupuo. Na huo mkupuo ndio sauti ya WhatsApp haiutaji: panya walipolishwa, monosaiti zilitoka nyingi kuliko kawaida, zenye hasira, na panya wale walipoambukizwa bakteria wa nimonia waliumia na kufa zaidi kuliko wasiofunga.

Kwa hiyo kauli yangu ni hii, mnipige mawe taratibu: kufunga hakuongezi kinga. Kunaihamisha. Kuna wakati kuhamishwa huko kunamfaa mtu, kuna wakati kunamponza, na sehemu kubwa inategemea wewe ni nani na unafungulia nini.

Hiyo "siku tatu" nayo ina asili yake. Mwaka 2014 Valter Longo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California waliwafunga panya siku 2 hadi 4, mara kwa mara. Chembe nyeupe zilishuka, na walipokula seli mama za damu zikaanza kuzaa nyingine. Upande wa binadamu kulikuwa na kundi dogo la wagonjwa wa saratani waliokuwa wakipewa dawa za kemo, chini ya macho ya madaktari. Kutoka hapo hadi kumwambia mama muuza vitumbua akae siku tatu na maji ili asipate mafua, kuna safari ndefu mtu kairuka.

#2 Kipepeo77

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Oh, samahani, nimefunga.

#3 Chuma Mzito

Mleta mada unatutisha bure. Mimi nipo kwenye 16/8, yaani saa 16 sili na saa 8 nakula, mwezi wa nne sasa. Nakula saa 6 mchana hadi saa 2 usiku. Kutoka kilo 97 mpaka 88. Mafua sijayaona. Metaboli imewaka, otofaji imewaka, seli zinakula takataka zake zenyewe. Huyo Mjapani hakupewa Nobel kwa kuuza maneno.

#4 Mpimadamu

Mkuu Chuma, hongera kwa kilo 9, hizo hakuna wa kukunyang'anya.

Yoshinori Ohsumi kweli kapewa Nobel 2016, na kazi yake kubwa aliifanya kwenye hamira. Ndiyo, hamira, chachu, ndugu yake ile unayotilia maandazi. Otofaji ipo kwa binadamu pia, hakuna ubishi. Ninachobisha ni zile chati: "saa 16 otofaji inaanza, saa 24 inakolea." Mimi nipo maabara, hakuna kipimo cha kawaida cha damu ninachoweza kukutoa nikakwambia yako imewaka saa ngapi. Anayekupa saa kamili anakupa saa ya ukutani.

Kuhusu uzito, dirisha lako la saa 6 hadi saa 2 usiku ndilo hasa lililopimwa San Francisco, matokeo yakatoka 2020. Watu 116, wiki 12. Waliokula ndani ya saa 8 walipungua wastani wa kilo 0.94, waliokula milo yao mitatu kama kawaida 0.68. Tofauti hiyo haitoshi kuitwa tofauti. Na waliopunguza, sehemu nzuri ya kilichoondoka ilikuwa nyama ya mwili, si mafuta. Wewe unabeba chuma, labda nyama yako imesalimika. Mzee wa miaka 60 asiyenyanyua hata ndoo anaweza kupoteza misuli ambayo si rahisi kuirudisha.

Guangzhou, China, 2022: watu 139 wenye unene, mwaka mzima. Wote walipunguziwa chakula, nusu wakaambiwa pia wale kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Hao wakapungua kilo 8.0, wenzao 6.3, na kwa hesabu za kitakwimu haikuthibitika kwamba saa ndizo zilizoleta tofauti. Kilichofanya kazi ni kula kidogo. Niambie kweli, ulipoanza 16/8 si uliacha chapati tatu za asubuhi na soda ya ofisini?

#5 Chuma Mzito

Chapati mbili. Soda ni kweli.

#6 Kipepeo77

😂😂 Kesi imefungwa.

#7 Mpimadamu

Haijafungwa, Kipepeo, kwa sababu saa ina kazi yake, ila kinyume na wengi mnavyoipanga. Mwaka 2018 Alabama walichukua wanaume 8 waliokaribia kisukari, wakawalisha ndani ya saa 6, chakula cha mwisho kabla ya saa 9 alasiri, wiki 5. Hawakuachwa wapungue uzito, makusudi. Insulini ikafanya kazi vizuri zaidi, na presha ikashuka. Ni watu wanane tu, najua. Lakini inalingana na kitu kinachojulikana: asubuhi mwili unaipokea sukari vizuri kuliko usiku. Sahani ile ile ya wali inakupandisha zaidi ukiila saa 3 usiku kuliko saa 3 asubuhi.

Sisi tunafanya nini? Asubuhi chai kavu, mchana tunabangaiza, usiku ndiyo ugali wa kuzamisha meli, halafu tunalala. Mtu akiamua kufunga anaacha asubuhi na kuubakiza ule mlo wa usiku, ambao ndio wenye matatizo. Mimi ningeanza na kuacha kula baada ya magharibi.

Na hiyo metaboli "kuwaka": ini lina akiba ya sukari kama gramu 100. Unapofunga, ini linaitoa kidogo kidogo, insulini inashuka, mafuta yanaanza kuachiwa. Kuanzia kama saa 12 bila kula, ketoni (kemikali zinazotengenezwa mafuta yakivunjwa) zinaonekana kupanda, ndiyo maana mfungaji wa muda mrefu mdomo unanukia kama dawa ya kutolea rangi ya kucha. Ukipitisha siku kadhaa, mwili unapunguza matumizi. Hauwaki, unabana kama mtu aliyeona luku inakaribia kuisha.

#8 Mama Warda

Nimesoma yote nikaona niandike, ingawa huwa napita tu.

Mama yangu ana miaka 63, kisukari mwaka wa tisa. Anatumia vile vidonge vidogo vya glibenklamaidi na vile vikubwa vya metfomini. Kila Ramadhani tunagombana naye, hakubali kuacha kufunga. Mwaka jana kumi la pili, nilikuwa jikoni nakuna nazi ya mihogo, yeye kakaa kwenye mkeka anachambua mchele. Nikasikia ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Nikacheka, nikadhani anatania. Akaita tena. Kumwendea, kanga imelowa mgongoni kama kamwagiwa maji, mikono ya baridi, na mchele anaochambua anatupa mzuri anabakiza chuya.

Mashine ikasoma 2.9. Ilikuwa bado kama dakika arobaini adhana. Akanikatalia maji ya sukari! Ananiambia swaumu yangu utaibeba wewe? Nilimnywesha huku nalia. Alipozinduka akanuna siku mbili.

Nilipompeleka kliniki tukaambiwa tu "asifunge", basi, tukaandikiwa dawa zile zile. Sasa Ramadhani haiko mbali na yeye ameshanunua tende. Nifanye nini na mtu kama huyu?

#9 Nesi wa Zamu

Mama Warda pole, na ulifanya sawasawa kabisa.

Kwa faida ya wengine: ikisoma chini ya 3.9, swaumu inafunguliwa pale pale, hata ikibaki dakika moja. Vilevile ikipita 16.6. Hizo ndizo namba za mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani, ambao uliwahusisha pia wanazuoni wa dini. Mpe sukari vijiko vitatu vya chai kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena. Akishindwa kumeza usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa, kimbieni hospitali. Na akizinduka msimwache hivi hivi, kile kidonge kidogo kinakaa mwilini muda mrefu, sukari inaweza kushuka tena usiku.

Tatizo kubwa la mama yako ni hicho kidonge kidogo. Glibenklamaidi inalisukuma kongosho litoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo. Metfomini haifanyi hivyo, ikiwa peke yake mara chache sana kumshusha mtu. Utafiti uliofanyika nchi 13 zenye Waislamu wengi, wagonjwa zaidi ya elfu 12, ulikuta kushuka sana kwa sukari hadi mtu kulazwa kuliongezeka kama mara 7 na nusu mwezi wa Ramadhani kwa wenye kisukari cha ukubwani. Na wapo waliolazwa kwa sukari kupanda, mara 5 zaidi. Huko kupanda kunatokea baada ya futari, mnakujua.

Nenda kliniki wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi. Usiulize "afunge asifunge?", maana jibu utapewa la neno moja kama mwanzo. Uliza: "Kidonge hiki kinaweza kubadilishwa, au kupunguzwa cha alfajiri?" Figo zake zipimwe pia. Usibadilishe mwenyewe nyumbani.

#10 Mkamba wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Mpimadamu, hiyo habari ya ngalawa kuingia kwa mkupuo imenigusa. Sisi magharibi ikiadhini ni kaimati, bajia, sambusa, viazi karai, sharubati ya sukari kama asali, halafu biriani, halafu tena tambi. Ina maana tunajiumiza?

#11 Mpimadamu

Ndugu yangu wa Likoni, panya wale walifunga mchana na usiku, na siku moja ya panya haiko sawa na siku moja ya binadamu. Swaumu ya huku kwetu jirani na ikweta ni kama saa 13 na nusu, akiba ya ini haijaisha hata. Kwa mtu mzima mwenye afya sioni kinga ikitikisika. Uzito wengi hupungua kama kilo moja na kuirudisha wiki chache baada ya Idi.

Ila kaimati zilizolowa shira tumbo likiwa tupu, halafu sharubati juu yake, hapo huhitaji panya. Pima sukari saa moja baadaye uone. Tende tatu, maji, uji wa pilipili manga, kaswali, kisha urudi kwenye mihogo na samaki. Wazee walikuwa wakila hivyo hivyo, hizi meza za kupiga picha zimekuja juzi. Kaimati ziwepo, mbili, mwisho wa mlo.

Na daku liliwe karibu na alfajiri, lisiliwe saa 5 usiku halafu mtu akaunganisha usingizi. Maharage au kunde na muhogo zinakushikilia kuliko mkate mweupe na chai ya sukari.

#12 Mwombaji

Bwana asifiwe. Sisi kanisani kwetu tunafunga kavu siku tatu, bila chakula wala maji. Nimefanya mara nne na Mungu amenipigania. Mnataka kusema imani ipimwe kwa mashine?

#13 Mpimadamu

Imani yako sina mashine yake, mtumishi. Maji ndiyo naweza kuyasema. Kavu siku tatu kwenye joto la Dar, figo ndizo zinazolipa, na huwa hazilalamiki mapema. Kama kuna mwenye selimundu kwenye kundi lenu, tafadhali sana, huyo asikae bila maji hata siku moja. Damu ikikauka maji zile chembe zinajikunja mundu, na maumivu yake ukiyaona mara moja hutayasahau. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye dawa za presha za kukojoza, hao vilevile. Na wenye TB au waliotoka kuugua wakakonda: mwili uliokonda ndio TB inaoupenda, hapo kufunga ili "kujenga kinga" ni kubomoa.

#14 Mwombaji

Ya selimundu sikuijua. Tuna kijana kwaya ya vijana. Nitaongea na mchungaji.

#15 Dogo wa Chuo

Swali la kizembe: nikishikwa na mafua au malaria nile au nisile? Bibi anasema homa hailishwi.

#16 Mpimadamu

Si la kizembe. Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, 2016, waliwaambukiza panya. Waliopewa bakteria wa listeria, wakilazimishwa sukari walikufa, wakiachwa na njaa yao walipona zaidi. Waliopewa virusi vya mafua makali ikawa kinyume: walionyimwa sukari ndio waliokufa, waliolishwa wakapona. Kwa hiyo bibi ana nusu ya haki, tabu ni kwamba wewe kitandani hujui umeshikwa na nani.

Ukikosa hamu siku moja mbili usijilazimishe, kunywa uji mwepesi, supu, maji. Malaria ni habari nyingine. Malaria kali inashusha sukari yenyewe, watoto ndio wanaoumia zaidi, na dawa ya mseto inayotumika sana inaingia mwilini vizuri ukiimeza na chakula chenye mafuta kidogo, hata maziwa. Malaria hapana kufunga. Kapime kwanza.

#17 Chuma Mzito

Nimerudi. Mpimadamu, 4.8 yako si iko karibu na mpaka wa chini? Vyeti vingi vinaanzia 4. Na 3.7 ukienda nayo kwa daktari si atakuandikia dawa?

#18 Mpimadamu

Swali zuri kuliko yote humu. Vile viwango vilivyochapwa kwenye cheti vingi vimetoka kwa Wazungu. Waafrika wengi, chembe zetu nyekundu hazina alama inayoitwa Duffy, na kuikosa huko ndiko kulikotukinga na malaria ya vivaksi, na watu wa namna hii neutrofili zao (aina moja ya chembe nyeupe) kwenye damu huwa chache bila ugonjwa wowote. Nimeona watu wazima wa afya na 3.2 wametumwa kipimo baada ya kipimo mpaka nauli zikaisha.

Ndiyo maana nikipokea mtu wa picha nzima ya damu siku hizi namuuliza: umekula lini mara ya mwisho? Namba peke yake haisemi.

Na wewe ukienda kupima mafuta ya damu au sukari ya kufunga, saa 8 hadi 12 zinatosha. Usije na saa 20 zako za 16/8 iliyonogewa, utatupa majibu ya mtu mwingine.

#19 Mama Warda

Nimerudi na majibu. Leo nimempeleka mama kliniki, daktari mwingine kijana. Nimeuliza vile vile Nesi alivyoandika. Kidonge kidogo kimeondolewa, kawekewa kingine, na turudi baada ya wiki mbili tuone sukari inavyokwenda kabla ya kuamua kuhusu kufunga. Mama kaleta ubishi mmoja tu: kuchoma kidole kunafunguza? Daktari kasema hakufunguzi, yeye hakuridhika, tumepitia msikitini kwa imamu. Imamu kamwambia hakufunguzi, na ikisoma chini afungue, atakuja kulipa siku akijaliwa, na akishindwa kabisa yapo ya kulisha maskini.

Hapo ndipo alipolainika. Tumerudi kwenye bajaji anahesabu stripu kwenye kikopo, zimebaki kumi na moja, ananiuliza za mwezi mzima ni ngapi.

#20 Nesi wa Zamu

Mara nne kwa siku ukianza, halafu mnapunguza. Asubuhi baada ya daku, mchana, alasiri, na saa mbili baada ya futari. Nunueni mapema, mwezi ukikaribia huwa zinaadimika madukani.

#21 Mama Warda

Mia na ishirini basi. Nimemwambia, kasema nipunguze matumizi ya kaimati.